Gridi Mbili Mpakani: Tunduma na Umeme wa Mkondo Mnyoofu



Nianze na mvua. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti ziliingia majini, na tayari mwezi Machi TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilikuwa imelazimika kuzima kwa muda vituo kadhaa vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulikuwa umezidi mahitaji ya nchi. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeingizwa kwenye gridi Februari tu ya mwaka huohuo. Wakati huohuo Zambia ilikuwa imekwisha kutangaza ukame kuwa janga la taifa, tangu mwishoni mwa Februari. Maji ya Ziwa Kariba yalizidi kushuka mwezi hata mwezi, na ilipofika Septemba kulikuwa na wateja wa Lusaka na Ndola waliopata umeme kwa saa chache tu kwa siku. El Niño ni ileile moja. Ndiyo tabia yake: mara nyingi huimwagia mvua Afrika Mashariki na kuzinyima nchi za kusini.

Kati ya maji yaliyozidi na maji yaliyokosekana ipo Tunduma, hapa mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mafuta yanapita katika ukanda huu kwa bomba la TAZAMA tangu 1968. Shaba, mbolea na makasha yanapita kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Foleni ya malori sina haja ya kuwaeleza, maana wengine mmeipenya ndipo mkafika hapa. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mahindi hayajawahi kuomba ruhusa ya mtu. Kitu kimoja ambacho hakijapita hapa kwa wingi ni umeme.

Si kwamba kuuziana umeme na jirani ni jambo geni. Sumbawanga imeishi miaka mingi kwa umeme wa Zambia uliopita Mbala kwa laini ya kilovolti 66, na Kagera imeishi kwa umeme wa Uganda. Lakini hizo zilikuwa kamba nyembamba za kuulisha mji mmoja mmoja. Laini inayojengwa sasa ni jambo lingine kabisa. Ni laini ya msongo wa kilovolti 400, yenye urefu wa kilomita zipatazo 620, kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, kwa mkopo ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2018 pamoja na fedha za Ulaya. Kutoka Tunduma kipande kifupi kitavuka kwenda Nakonde kukutana na gridi ya Zambia, ambayo msongo wake mkuu ni kilovolti 330.

Laini hiyo ni ya mkondo geu, kama ilivyo gridi yetu yote. Sasa mtu atauliza kwa nini nije Tunduma kuzungumzia mkondo mnyoofu. Nimekuja kwa sababu swali kubwa la uhandisi katika mpaka huu haliko kwenye urefu wa laini. Liko kwenye fundo lake, pale gridi mbili zitakapofungwa pamoja. Kwa fundo la namna hiyo teknolojia ya mkondo mnyoofu ina jibu ambalo nchi yetu bado haijalizungumza vya kutosha.

Tutazame kwanza tofauti yenyewe. Mkondo geu hubadili mwelekeo, huku na huku, mizunguko 50 kila sekunde. Mkondo mnyoofu huenda upande mmoja tu, kama unaotoka kwenye betri ya lori au kwenye paneli ya sola iliyo juu ya bati kule Kamsamba. Mkondo geu ulishinda vita vya karne ya 19 kwa sababu ya transfoma. Ukitaka kuusafirisha umeme mbali ni lazima upandishe msongo, kwa kuwa ukiuongeza msongo mara mbili kwa mzigo uleule, mkondo hupungua kwa nusu na joto linalopotelea njiani hubaki robo. Transfoma hufanya kazi hiyo kwa chuma na shaba tu, bila kitu kinachozunguka, na inafanya kazi na mkondo geu peke yake. Hoja ikaishia hapo kwa miaka 60 hivi.

Lakini mkondo geu una gharama yake, nayo huonekana laini ikirefuka. Waya ulio juu ya ardhi hujaa chaji na kuimwaga mara mia kwa sekunde. Kwa laini ya kilovolti 400 kazi hiyo huzalisha kama nusu megavari (kipimo cha umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi) au zaidi kwa kila kilomita, na kwa kilomita 620 ni mamia ya megavari ambayo hayawashi taa ya mtu yeyote. Usiku, mzigo ukiwa mdogo, msongo wa mwisho wa laini huweza kupanda kupita ule wa mwanzo. Ndiyo maana vituo vya laini za namna hii hufungwa mashine ziitwazo riakta, za kuumeza msongo huo wa ziada. Chini ya bahari hali ni ngumu zaidi. Waya wa Tanga hadi Pemba uliozinduliwa 2010 una kilomita 78 na unabeba mkondo geu bila taabu kubwa kwa kuwa msongo wake ni kilovolti 33 tu. Ungetaka kupeleka megawati mia kadhaa kwa umbali huo chini ya maji, ungeanza kuufikiria mkondo mnyoofu.

Aliyeurudisha mkondo mnyoofu mezani ni mhandisi wa Sweden, Uno Lamm, wa kampuni ya ASEA. Alihangaika zaidi ya miaka 20 na vali za zebaki, vyombo vikubwa ambamo umeme hupita katika mvuke wa zebaki upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili. Mwaka 1954 kazi yake ilizaa laini ya kwanza ya kibiashara, waya wa karibu kilomita 100 chini ya bahari hadi kisiwa cha Gotland, megawati 20 kwa kilovolti 100. Baadaye zebaki ikaondoka na ikaja thairista, kipande cha silikoni kinachofanya kazi ileile bila mvuke na bila kushindwa ghafla kama zilivyokuwa zikifanya vali zile.

Hapo ndipo Afrika inaingia, na iliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Cahora Bassa ya Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za mwanzo za thairista popote duniani: megawati 1,920, kilomita 1,420 hadi kituo cha Apollo karibu na Johannesburg. Kisha vita ikaingia kwenye njia yake. Minara ipatayo 2,000 ilibomolewa au kuharibiwa, na bwawa kubwa likakaa miaka mingi bila kuuza umeme wa maana hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Zaire nayo ilijenga laini ya kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa na uwezo wa megawati 560. Ilivuka nchi nzima ikiwapita wananchi walio chini yake gizani, ikaenda moja kwa moja kwenye migodi ya Katanga, na kwa muda mrefu ikafanya kazi chini ya uwezo wake. Wanaosema kwamba mkondo mnyoofu ni teknolojia ya kesho kwa Afrika waende wakaangalie kutu ya Kolwezi.

Lawama ile ya kuwapita watu gizani haitokani na siasa peke yake. Imo ndani ya teknolojia. Laini ya mkondo mnyoofu ina vituo viwili vya kugeuza umeme, kimoja kila mwisho, na kila kituo hugharimu mamilioni mengi ya dola. Katikati huwezi kuweka transfoma ukashusha umeme kwa ajili ya mji kama Vwawa. Laini yetu ya Iringa hadi Sumbawanga ina kazi ya kulisha Mufindi, Mbeya, Songwe na Rukwa njiani. Kwa laini za juu ya ardhi, mkondo mnyoofu huanza kuwa nafuu kuanzia kilomita 600 hadi 800 hivi, ikiwa mzigo ni mkubwa na hakuna wa kumpa njiani. Sisi tuna wa kuwapa. Kwa hiyo waliochagua mkondo geu walichagua vizuri, na sitaki mhadhara huu usomwe kama malalamiko juu yao.

Kuna mfano wa jirani ambako hesabu ilitoka kinyume. Kutoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya kuna laini ya kilomita 1,045, kilovolti 500, yenye uwezo wa megawati 2,000, iliyoanza kusafirisha umeme wa biashara Novemba 2022. Huko umbali ni mrefu, nyika ni pana, na mahitaji ya njiani ni machache. Laini hiyo inatuhusu hata sisi wa Tunduma. Desemba 2024 gridi ya Tanzania iliunganishwa na ya Kenya kwa kilovolti 400 kupitia Namanga, Arusha na Singida. Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja upotevu wa njiani unaoigharimu nchi takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Watu walishangaa: tumejenga bwawa la megawati 2,115, sasa tunanunua tena? Kwa mhandisi halikuwa ajabu. Umeme ulioko Rufiji si umeme ulioko Moshi, na kuufikisha kuna bei. Kama ilikuwa lazima kuagiza, au ilitosha kuimarisha laini zetu za kaskazini, hilo linajadilika, nami ningeanza na laini.

Sasa tufike kwenye fundo.

Katika gridi ya mkondo geu mashine zote huzunguka kwa mwendo mmoja. Mitambo ya Kidatu, Kihansi, Mtera na Julius Nyerere imefungwa pamoja na nguvu za sumaku zinazopita kwenye waya. Hakuna unaoweza kwenda haraka kuliko mwenzake hata kwa sekunde moja. Tangu tuungane na Kenya, orodha hiyo imeingia Olkaria, na kwa kuwa Kenya na Uganda zimeunganishwa Tororo tangu miaka ya 1950, imeingia na Jinja. Upande wa pili Zambia iko ndani ya ushirika wa umeme wa kusini mwa Afrika ulioanzishwa 1995, na kwa kupitia Zimbabwe mashine zake zinakwenda pamoja na za Afrika Kusini. Siku swichi itakapofungwa kati ya Tunduma na Nakonde kwa mkondo geu, mashine zote kuanzia Jinja hadi kinu cha nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town zitakuwa zimefungwa kwenye mwendo mmoja. Na kilichozifunga kitakuwa ni waya wa mkoa wa Songwe.

Tanzania yote, wakati wa mahitaji ya juu kabisa, hutumia megawati zipatazo 2,000. Afrika Kusini peke yake hutumia zaidi ya 30,000. Asilimia moja ya 30,000 ni megawati 300. Kosa dogo la kukadiria mahitaji ya jioni huko Gauteng, kosa ambalo kwao ni la kawaida kabisa, likiachwa bila kusahihishwa laweza kutokeza hapa, kwa sehemu yake, likiwa mzigo usiokuwamo katika biashara tuliyokusudia kuifanya na Zambia. Mtambo mmoja wa kituo cha Medupi huko Afrika Kusini una karibu megawati 800. Ukianguka, mashine zote zilizofungwa pamoja husaidia papo hapo, kila moja kwa ukubwa wake, bila kuuliza mkataba unasemaje. Msaada wa upande wa kaskazini, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, hauna njia nyingine ya kwenda kusini isipokuwa laini hii ya Tunduma.

Lipo na jambo la kuyumba. Makundi mawili makubwa ya mashine yakiunganishwa na laini ndefu nyembamba, huanza kusukumana: kundi hili likitangulia kidogo, lile likichelewa, kisha yanabadilishana, na kila mzunguko huchukua sekunde kadhaa. Kwa kawaida mtikisiko huo hufifia. Ukikosa kufifia hukua. Tarehe 10 Agosti 1996, magharibi ya Marekani, mtikisiko wa aina hiyo wenye mzunguko wa sekunde nne hivi ulikua hadi gridi ikapasuka vipande, na wateja wapatao milioni 7.5 wakakosa umeme. Mafundi hawakuwa na muda wa kufanya kitu.

Wengi wenu mnajua kwamba reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 na reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000, hivyo pale Kidatu behewa la upande huu haliwezi kuingia upande ule; mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Ni kero, ni gharama, lakini ajali ya treni ya upande mmoja haiburuzi mabehewa ya upande wa pili. Kituo cha mkondo mnyoofu kikijengwa katikati ya gridi mbili hufanya kazi ya Kidatu: hupokea mkondo geu wa upande huu, huunyoosha, halafu hapohapo, mita chache mbele, huugeuza tena kwa mwendo wa upande wa pili. Hakuna laini ndefu ya mkondo mnyoofu. Kuna jengo moja, lenye kigeuzi huku na kigeuzi kule, na kati yao nguzo fupi za shaba. Kanada walijenga cha namna hiyo, cha thairista, mwaka 1972 huko Eel River, megawati 320, kati ya New Brunswick na Quebec. Gridi mbili hubaki kila moja na mwendo wake, na kinachopita kati yao ni kile tu kilichoamriwa. Ukiamuru megawati 150, zinapita 150, hata kama Medupi imeanguka.

Lakini kigeuzi kinachozuia ugonjwa huzuia na dawa. Msaada ule wa papo hapo nilioueleza, ambao mashine hupeana bila kuulizana, haupiti kwenye kigeuzi isipokuwa umeandikwa kwenye programu yake ya udhibiti. Isitoshe kigeuzi chenyewe huweza kuanguka. Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro asubuhi, laini ya kilovolti 220 kutoka Loiyangalani ilikatika pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana. Mara ikafuata laini ya mkondo mnyoofu kutoka Ethiopia, iliyokuwa imebeba 200. Kenya ikapoteza megawati 488 kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Anayewauzia kigeuzi hatawasimulia habari hiyo, basi nimewasimulia mimi.

Kwa nini laini moja ya mkondo geu ivute na ile ya mkondo mnyoofu? Sababu za siku ile mahususi ni za wachunguzi wa Kenya, sizisemei. Ninachoweza kueleza ni udhaifu wa jumla wa thairista. Thairista hujua kuwaka kwa amri, lakini haijui kuzima. Huutegemea msongo wa gridi iliyo nje uigeuzie mkondo ili izime. Gridi ya nje ikiyumba, thairista nazo hukosa kupokezana, na kituo huporomoka wakati hasa kinapohitajika. Tena hula megavari karibu nusu ya megawati zinazopita. Kituo cha aina hiyo kinataka gridi imara ya kukishikilia, yenye mitambo mikubwa karibu. Tunduma haina mitambo mikubwa karibu. Ipo mwisho wa laini, na Nakonde nayo iko mwisho wa laini ya kwao. Mtu akija kesho na mpango wa kufunga thairista hapa, mpeni chai mumsindikize.

Kilichobadilisha hesabu ni transista kubwa zinazowaka na kuzima kwa amri. Sweden ilizijaribu mwaka 1997 kati ya Hellsjön na Grängesberg, kilomita 10 na megawati 3 tu. Kigeuzi cha transista huutengeneza msongo wake chenyewe. Hakihitaji kushikwa mkono na gridi, na kinaweza hata kuiwasha gridi iliyokufa. Miaka michache baadaye Rainer Marquardt wa Munich akaja na wazo la kuzipanga transista katika visanduku vingi vidogo vinavyofuatana, kila kimoja kikiongeza kipande chake cha msongo kama ngazi, na upotevu ukashuka hadi karibu asilimia moja kwa kila upande. Kwa kituo cha mpakani chenye pande mbili ni kama asilimia mbili: ukipitisha megawati 300, megawati 6 hivi zinageuka joto. Ni bei ya kuendelea kulipwa kila saa, na lazima ihesabiwe kwa shilingi kabla ya kuingia mkataba wowote.

Na hapa kusini kwetu kuna mji wa mpakani uliokwisha kuamua. Katima Mulilo, Namibia, uko ukingoni mwa Zambezi, ukitazamana na Zambia kama Tunduma inavyotazamana na Nakonde. Shirika la NamPower lilitaka kuuunganisha na gridi yake ya kati, umbali wa kilomita 950 hadi kituo cha Gerus, na pande zote mbili gridi ilikuwa dhaifu. Thairista zisingesimama. Mwaka 2010 wakazindua laini ya transista ya kilovolti 350, megawati 300, ya kwanza duniani ya aina hiyo kutumia waya mrefu wa juu ya ardhi badala ya waya wa chini. Nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam! Wahandisi wake wana uzoefu wa zaidi ya muongo mmoja wa radi, moto wa nyasi na vipuri, uzoefu ambao huko Ulaya ni haba kwa sababu wao mara nyingi hufukia nyaya zao. Kama kuna safari moja ambayo wanafunzi wetu wa uhandisi wa Mbeya wanapaswa kugharamiwa, ni ya Gerus.

Mtaniuliza juu ya gridi kamili ya mkondo mnyoofu, ile inayochorwa kwenye ramani zenye rangi nyingi: Inga, Ethiopia, Rufiji na Cahora Bassa zikiunganishwa kwa mistari minene, na Tunduma ikiwa njia panda. Kikwazo cha zamani kilikuwa swichi. Mkondo geu hupita kwenye sifuri mara mia kwa sekunde, na swichi huutumia wakati huo kuuzima moto unaoruka kati ya meno yake. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri kamwe, kwa hiyo laini moja ikipata hitilafu ilibidi uzime mtandao mzima. Mwaka 2012 ABB ilitangaza swichi mseto, ya chuma na transista kwa pamoja, inayokata ndani ya milisekunde tano. China ikaenda mbali zaidi: mwaka 2020 iliwasha huko Zhangbei mtandao wa vituo vinne wa kilovolti 500, wenye swichi za namna hiyo, unaolisha Beijing kwa umeme wa upepo. Basi inawezekana. Lakini Zhangbei ina mwenye gridi mmoja, wizara moja na kiwanda kilicho umbali wa safari ya siku moja. Sisi tuna nchi kumi na kitu, na vipuri vinavyokaa bandarini. Ramani hizo nazipenda ukutani.

Nini basi kifanyike hapa? Rai yangu ni kwamba tuanze kwa mkondo geu, kwa majaribio, kwa vipimo, huku tukijua kwamba siku za mbele kigeuzi kitahitajika. Uturuki ilipojiunga na gridi ya Ulaya, Septemba 2010, haikufunga swichi na kupiga makofi. Vidhibiti vya mitambo yake mikubwa vilirekebishwa kimoja kimoja ili vizime mtikisiko wa polepole, kisha kikafuata kipindi cha majaribio kilichopimwa. Sisi nasi tunahitaji vidhibiti hivyo virekebishwe kuanzia Julius Nyerere hadi Kafue nchini Zambia, na vipimo vinavyosoma gridi mara nyingi kwa sekunde vifungwe Tunduma, Kasama ya Zambia, Singida na Isinya ya Kenya, vyote vikisoma saa moja ya setilaiti, kabla swichi ya Nakonde haijafungwa. Vipimo hivyo ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya kigeuzi. Vitatuambia kama mtikisiko unafifia au unakua, na hapo ndipo tutajua tununue kigeuzi lini na cha megawati ngapi. Kununua kwa woga ni ghali kama kutonunua.

Wakati huo ardhi itengwe. Jengo la kigeuzi cha megawati 300 na uwanja wake linahitaji eneo kubwa kando ya kituo cha kupoza umeme, na mnajua kasi ya Tunduma: ukiacha uwanja wazi leo, baada ya miaka mitano umejaa maghala na nyumba za wageni, na fidia inakuwa kubwa kuliko bei ya kigeuzi. Halmashauri inaweza kulifanya hilo sasa, bila kumsubiri mfadhili yeyote.

Halafu kuna jambo la programu, nalo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mitambo yenyewe. Kigeuzi cha kisasa ni visanduku mia kadhaa vya transista vinavyoongozwa na kompyuta, na tabia yake yote, namna kitakavyoisaidia Zambia ikiyumba, namna kitakavyojizuia sisi tukiyumba, imeandikwa ndani ya programu ambayo muuzaji huificha kama siri ya biashara. Ukibadili laini moja ya jirani, programu inaweza kuanza kugombana nayo, na mwenye gridi hana ruhusa ya kuifungua. Hupiga simu Ulaya au China na kusubiri. Kwa hiyo mkataba wa kigeuzi cha Tunduma, ukija kuandikwa, uwe na kifungu kinachowapa wahandisi wa TANESCO na wa ZESCO, shirika la umeme la Zambia, modeli kamili ya udhibiti, haki ya kuijaribu katika maabara zao wenyewe, na nafasi za mafunzo kiwandani kabla mtambo haujapakiwa melini. Maabara ya namna hiyo, yenye kompyuta zinazoiga gridi kwa wakati halisi, inaweza kukaa Mbeya, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Itachukua miaka kadhaa kuwapata watu wa kuiendesha, na laini ya kilovolti 400 haitawasubiri.